Milimita Moja na Nusu: Maneno ya Kumuaga Fundi Mkuu Gekeler

Mheshimiwa Meya wa Hasenbronn, Bibi Nägele; Bwana Pfleiderer, Mwenyekiti wa Chama cha Maseremala cha wilaya, pamoja na miwani yako jozi mbili; Mchungaji wetu, uliyetuahidi sala isiyozidi dakika tatu; kikosi cha zimamoto na tarumbeta zenu; akina mama wa saladi ya viazi, ambao kwa haki mngetajwa wa kwanza; rafiki yangu tunayemuaga leo akistaafu, Fundi Mkuu Eugen Gekeler; binti yake Mechthild, fundi mkuu mpya wa karakana hii; mabibi na mabwana:

Nimeombwa niseme machache kuhusu misumeno, na walioniomba hawakukosea mlango. Katika bonde hili lote hakuna mtu anayeujua msumeno wa kuzamisha kama mimi Alfons Schäufele. Miaka arobaini na mmoja nimekata mwaloni, msonobari na mbao za kiwandani, na sijaukosa mstari hata kwa unene wa unywele.

Naona Eugen ameshika kichwa. Basi ngoja nirekebishe kidogo. Miaka arobaini na mmoja nimepaka vanishi. Msumeno nimeugusa mara mbili. Mara ya kwanza nilikata ubao, na meza iliyokuwa chini ya ubao, na bomba la mashine ya kunyonya vumbi, vyote kwa mkupuo mmoja na kwa mstari ulionyooka sana. Mara ya pili ndiyo iliyonisimamisha hapa, na mara hiyo sikuruhusiwa.

Kwa ajili ya Mchungaji, na kwa ajili ya wale wa tarumbeta ambao mbao huzijua kwa kuzizima tu zikishika moto, nieleze kwa ufupi. Msumeno huu ni bapa la mviringo lenye meno, limefichwa ndani ya nyumba yake kama konokono. Unaulaza juu ya reli ya aluminiamu, unaubonyeza, bapa linazama katikati ya ubao palepale unapotaka, kisha unausukuma na reli inauongoza. Mtoto wa miaka sita anaweza. Mimi siwezi, lakini mtoto wa miaka sita anaweza.

Ukingoni mwa reli hiyo kuna utepe mweusi wa mpira. Tafadhali ushikeni utepe huu vichwani mwenu, maana karakana nzima ilining'inia juu yake. Reli ikiwa mpya, utepe unatokeza nje kupita kiasi. Ukipitisha msumeno wako mara ya kwanza, unaukata utepe wenyewe, na tangu siku hiyo ukingo wa utepe ndio mahali hasa meno yatakapopita. Unaweka ukingo juu ya alama ya penseli, unakata, basi. Utepe unaukandamiza ubao usitoe vibanzi. Lakini utepe huo umekatwa na msumeno huo, na unautii huo tu. Lete msumeno wa mtu mwingine juu ya reli hiyo na umeharibu kila kitu, hata kama unateleza vizuri na unajiona fundi.

Sasa, ndugu zangu, nyumba ya Gekeler ilikuwa na misumeno miwili.

Wa Eugen ni ule wa bluu. Una umri wa miaka ishirini na sita, una waya mrefu, na ukiuwasha unaguna kwanza kama mwenyewe anapoamshwa baada ya chakula cha mchana. Kuuzamisha kunataka bega. Ukikosea, unakurukia. Lakini ukishaingia kwenye mti, wallahi, unakwenda kama treni ya Ulm enzi zile ilipokuwa ikifika kwa saa yake.

Wa Mechthild ni wa rangi ya machungwa, aliununua mwaka juzi bila kumwuliza baba yake ruhusa. Hauna waya, una betri mbili. Kwanza unakwangua ubao juujuu, kina cha ukucha, ndipo unarudi na kukata hadi chini, kwa hiyo hata ngozi nyembamba ya mwaloni haibanduki. Ukikwama, unajizima wenyewe. Eugen aliutazama siku hiyo, akazunguka meza mara mbili, akasema:

"Chombo kinachojizima chenyewe ni cha mtu asiyejua anachofanya."

Mechthild akamjibu, "Baba, onyesha vidole vyako tuhesabu."

Eugen akatia mkono mfukoni. Ana vidole tisa na nusu, wote mnajua.

Mkidhani ugomvi ulikuwa wa misumeno, hamjakaa sana Hasenbronn. Je, baba na binti wa hapa kwetu watagombania urithi kwa kutaja urithi? Watu wa hapa hugombania nani aliacha ngazi bila kufagiwa, huku wakimaanisha nani atabaki na nyumba. Kulikuwa na kampuni kutoka Stuttgart iliyotaka kununua kiwanja hiki, ivunje karakana na kuweka maegesho ya magari. Eugen alikuwa na karatasi zao kwenye droo. Mechthild alikuwa na cheti chake cha ufundi mkuu ukutani, na baba yake alikipita kila siku kama anavyopita kalenda ya mwaka jana.

Mwezi wa nne ukafika mwisho wake. Eugen akasema mbele yetu sote, wakati wa kula mikate ya bretzeli na siagi saa tatu asubuhi:

"Jumamosi tunashindana. Ubao mmoja wewe, ubao mmoja mimi, kila mtu na msumeno wake na reli yake. Ubao uingie kwenye fremu ya mlango wa kabati bila kulazimishwa na bila kibanzi. Ukishinda wewe, siku ya Mtakatifu Martini, mwezi wa kumi na moja, nakupa ufunguo. Nikishinda mimi, natia saini kwa wale wa Stuttgart."

"Na Bwana Pfleiderer awe mwamuzi," Mechthild akasema.

"Yule haoni."

"Ndiyo maana nasema yeye. Hatatazama sura."

Samahani, Mwenyekiti. Nanukuu tu.

Ijumaa mchana Eugen alikwenda kunyolewa, maana hawezi kushindwa wala kushinda akiwa na nywele masikioni. Mechthild alikwenda kupachika madirisha mapya ya shule. Wakaniachia mimi vyombo vyote nivilinde. Mimi! Mtu mwenye akili angemwachia fisi bucha, lakini hawa walinipa na ufunguo.

Nilikaa robo saa nikiutazama ule msumeno wa rangi ya machungwa. Nilikuwa na miaka sabini na nane, nimefanya mtihani wa ufundi mkuu mara mbili, na mara ya pili waliniangusha kwa heshima kiasi kwamba walinipa na chai. Nikajiambia: Alfons, utakufa bila kujua ladha yake? Reli ya Mechthild ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wake, na fundo la kamba yake sikuliweza. Reli ya Eugen ilikuwa wazi juu ya meza. Nikauweka msumeno wa binti juu ya reli ya baba. Ukateleza kama siagi. Nikabonyeza. Nikasukuma mwanzo hadi mwisho. Mabibi na mabwana, ilikuwa raha isiyo na jina, na ilidumu sekunde nane.

Kisha kitu cheusi kikadondoka kwenye kiatu changu, kimejikunja kama mkia wa panya. Milimita moja na nusu ya utepe wa Eugen.

Ningefanya nini? Ndiyo, najua, Mchungaji, ningesema. Lakini niliokota ule mkia, nikautia mfukoni, nikanyamaza. Na si kwa woga peke yake. Nilinyamaza kwa sababu nilielewa upesi kwamba kesho ubao wa Eugen utatoka mpana zaidi kwa milimita moja na nusu, hautaingia, Mechthild atashinda, na maegesho ya magari hayatajengwa. Nilimtaka Mechthild ashinde. Nilimwona akianza kutembea humu, akila maranda ya mbao kama keki. Nikajidanganya kwamba wizi mdogo namna ile hauna mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Tulichelewa kwa sababu ilikuwa zamu ya akina Gekeler kufagia ngazi na barabara, na Bibi Hedwig, mkewe Eugen, hakukubali msumeno uwashwe kabla mke wa jirani hajaona kwamba pamefagiwa. Mechthild alikata kwanza. Ubao wake ukaingia kwenye fremu na kutoa pumzi ndogo, fuu, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Akaja Eugen. Aliweka utepe kwenye alama, akaulalia msumeno kwa bega, ukaguna, ukaenda. Akaupeleka ubao kwenye fremu. Haukuingia. Akaugeuza. Haukuingia. Ukingoni mwake palikuwa pametafunika kama mkate uliosahauliwa stoo.

Bwana Pfleiderer akabadili miwani, akatoa kalamu, akaanza kuandika jina la Mechthild. Nami nilikuwa nyuma ya pipa la vanishi, nashukuru Mungu kwa dhambi zangu.

Ndipo Mechthild akainama juu ya reli ya baba yake. Akapitisha ukucha kwenye utepe, polepole, hadi mwisho.

"Bwana Pfleiderer, weka kalamu chini," akasema.

"Kuna nini tena, binti?"

"Utepe huu umekatwa upya. Si Baba aliyekosea."

Eugen akafoka, "Nani kakuomba uukatae ushindi? Ameshaandika herufi nne."

"Baba, nyamaza kidogo, nashughulika na reli."

Akaubandua ule utepe wote. Akatoa utepe mpya kwenye sanduku lake mwenyewe, akaubandika, akambwagia baba yake msumeno wa bluu mikononi. "Kata wa kwako. Tuanze upya."

Nawauliza nyinyi mnaokula hapa leo: nani kati yetu angefanya hivyo, herufi nne zikiwa zimeshaandikwa? Mimi nilikuwa na jibu mfukoni, limejikunja.

Wakakata tena. Ubao wa Eugen ukaingia, fuu. Wa Mechthild ukaingia, fuu. Bwana Pfleiderer akaziweka mbao mbili bega kwa bega, akazipapasa, akazinusa, akabadili miwani mara nne, na baada ya robo saa akauliza upi ulikuwa wa nani, kwa sababu alikuwa amezichanganya. Hakuna aliyejua. Mpaka leo ziko ukutani pale, nyuma ya pipa la bia, na hakuna anayejua.

Kwa sare hawakuwa wamepatana lolote. Eugen alisimama. Akatoa pete yake ya funguo, akahangaika nayo mpaka ukucha ukavunjika, akatupa ufunguo wa karakana juu ya meza.

"Chukua kabla sijabadili mawazo. Lakini msumeno wangu unabaki kwenye kabati."

"Na reli?"

"Reli, kila mtu na yake."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na lawama ya utepe ule ikaangukia hewa ya unyevu, na panya, na fundi wa umeme ambaye siku hiyo alikuwa Austria. Miezi saba nimeibeba siri hii. Leo nimeuleta ule mkia wa utepe, huu hapa, ndani ya kopo langu la ugoro. Eugen, ni mimi. Nimekuibia milimita moja na nusu, na nusura nimharibie binti yako jina siku ileile aliyolipata. Naomba unisamehe mbele ya watu, ili ukikataa uone aibu.

Unasemaje? Ongea kwa nguvu, bendi haisikii.

Anasema alijua.

Anasema aliporudi kutoka kinyozi siku ile ile ya Ijumaa, alikuta alama ya kidole gumba chenye vanishi juu ya reli yake, kubwa kama muhuri wa posta. Ulijua, Eugen? Ulijua, na Jumamosi ukauweka ule utepe kwenye alama na ukakata?

Anasema alitaka kuona Mechthild atafanya nini akikuta baba yake ameangushwa bila haki.

Mnaona mtu tunayemuaga? Bila shaka mnampigia makofi. Mimi siwezi bado, nina swali. Mbona hukuniambia, mzee wa watu? Miezi saba nimekuja hapa kila Jumamosi, nimefagia karakana, ngazi, na barabara hadi kwa jirani, kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanichoma.

Anasema ndiyo maana hakuniambia. Anasema palikuwa hapajawahi kuwa safi namna hii.

Haya. Wacheke, wacheke. Eugen Gekeler, miaka arobaini na mmoja umenifundisha kazi ambayo sikuiweza, na hukunifukuza. Sijui nani mwingine angenivumilia. Kastaafu kwa raha, na usije hapa kila siku kuchungulia. Mechthild, karakana iko kwenye mikono inayofaa, na hilo nalisema bila kuwa na kitu mfukoni. Nanyi nyote mlioweka uma chini ili mnisikie, nawashukuru, saladi haijapoa kwa kuwa ilikuwa ya baridi tangu mwanzo.

Limebaki dogo. Nimepiga hesabu ya zile Jumamosi za kufagia, zinazidi ishirini na nane, na kwa maelezo tuliyoyasikia sasa hivi zilikuwa za bure. Kwa hiyo nyumba ya Gekeler ina deni langu. Mlango wa jikoni kwangu unakwaruza sakafu tangu tulipoweka vigae, mwaka wa kumi na moja huu, na Lore wangu anausukuma kwa nyonga huku akiwaeleza wageni kwamba ameolewa na seremala. Ni milimita tatu tu za kukata, chini. Mechthild, njoo na msumeno wowote, wa bluu au wa machungwa, mimi nitashika upande wa pili wa mlango na sitagusa kitu. Jumatano niko nyumbani.