Kaka Mirzohid, Mfungua Milango ya Magari

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Bwana Mirzohid Tojiyev anakabidhi ufunguo wa kabati lake na kustaafu, akiwa ameitumikia karakana yetu ya spika za magari hapa Andijon kwa miaka thelathini na mmoja.

Alikuja kwetu akitokea kiwanda cha viatu. Mlango wake wa kwanza ulikuwa wa gari la daktari wa meno. Alivuta paneli kabla hajaiona skrubu iliyojificha nyuma ya kishikio, paneli ikapasuka. Alizunguka masoko mawili hadi akapata nyingine. Tangu siku hiyo alitoa skrubu zote kwanza, akazipanga kwenye sahani, ndipo akaingiza kabari ya plastiki na kuachia kibanio kimoja kimoja. Nailoni ya kuzuia maji aliirudisha kila mara, hata mteja akipiga honi nje. Mkewe, Bi Oygul, anasema hata makabati ya jikoni kwao hayajawahi kufunguliwa kwa pupa.

Mwaka 2014 Mwalimu Dilorom alirudisha gari lake mara tatu, akisema spika ya kulia inavuma. Mara mbili Kaka Mirzohid alisikiliza, akasema ni nzima. Mara ya tatu aliniita.

“Sherali, unasikia nini?”

“Inavuma, kaka. Kama nzi kwenye chupa.”

Aliinamisha sikio hadi kwenye spika, akasema, “Mimi sisikii kitu.”

Binti yake alikuwa ndio kwanza ameingia chuo, na karo ilitoka kwenye kazi hii. Nilimshauri anyamaze, mimi nitamsikilizia, nani atajua? Alinitazama kama niliyemtukana. Akafungua ule mlango, akakuta waya aliouacha mwenyewe ukigusa spika, akaufunga mahali pake. Kisha akamwendea mwalimu.

“Mwalimu, mara zote tatu ulikuwa sahihi. Tatizo ni masikio yangu.”

“Kumbe! Ningejua ningepiga kelele zaidi,” akajibu mwalimu, na hasira zikamwisha.

Kwa mwenye karakana, Dada Hakima, alikwenda ameshavua koti la kazi.

“Dada, masikio yameniacha. Tafuta fundi mwingine.”

“Kwani wewe hufungua milango kwa masikio?” akauliza Dada Hakima. “Vaa koti lako. Wewe fungua na ufunge, Sherali asikilize.”

Tukafanya hivyo miaka kumi na mmoja. Mafundi kutoka karakana nyingine walimletea milango iliyowashinda, na paneli alizozitoa zilirudi bila mkwaruzo. Baadaye alipata kifaa cha masikioni cha kumsaidia kusikia. Jambo la kwanza alilolisikia ni mimi nikimsimulia mteja jinsi kaka alivyo mbishi. Alinisusia chai wiki nzima.

Binti yake leo ni mhandisi wa maji. Kaka anahamia kwake Shahrixon, ambako wajukuu wawili wanamngoja na gari bovu la mkwe limeegeshwa uani.

Kaka Mirzohid, wengi wetu tulianza kazi tukiwa na haraka, nawe ulitushika mikono kabla hatujavunja kitu. Tunakushukuru kwa hilo. Mungu akupe afya, siku ndefu na palovu, ile pilau yetu, ya moto kila Alhamisi. Na mimi, niliyekushauri unyamaze, nashukuru kwamba hukunisikiliza.

Sherali Qosimov, kwa niaba ya wafanyakazi wote