Devotha Kalinga Mwasomola (1963–2025): Mkemia Aliyetaka Kila Chupa Iseme Kiswahili

Marehemu Devotha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 katika kijiji cha Kidabaga, Iringa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Saulo Kalinga na Mama Lusia, wakulima wa pareto na viazi. Mama yake alikuwa akisema kwamba kumtuma Devotha dukani ni kujitafutia kesi, maana haondoki mpaka mwenye duka amweleze kilichomo ndani ya kopo.

Alisoma Shule ya Msingi Kidabaga na baadaye sekondari ya wasichana Iringa. Mwaka 1988 akahitimu shahada ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jumapili aliporudi nyumbani, Mzee Saulo alisimama kumtambulisha mara tatu katika ibada moja.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa mkemia wa serikali mjini Mbeya. Ndipo alipofika mwalimu Obeid Mwasomola kuomba tindikali ya majaribio ya wanafunzi, mkononi ana chupa tupu ya soda.

“Mwalimu, mtu mwenye kiu akiikuta hii ofisini kwako?”

“Nitaificha, dada.”

“Hapana. Katafute chombo chake, na ukiandike.”

Mwalimu alikwenda, akarudi na chombo kilichoandikwa vizuri. Wiki iliyofuata akaja tena, safari hiyo bila shida yoyote ya tindikali. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 huko Uyole, wakajaliwa watoto wawili, Mercy na Jofrey.

Mwaka 2016 Devotha aliteuliwa kuingia katika kamati ya wataalamu walioandaa mapendekezo ili nchi yetu ifuate utaratibu wa kimataifa wa kuainisha kemikali hatari na kuziwekea lebo. Alama zilikuwa tayari: fuvu la kichwa, mwali wa moto, na nyingine kadhaa. Wajumbe wengi waliona picha zinatosha, na maandishi yabaki ya Kiingereza kama yalivyotoka kiwandani. Devotha akaomba kwanza watumiaji waulizwe. Alizibeba picha hizo mwenyewe hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Ubaruku. Mkulima mmoja, Bwana Masumbuko, alionyeshwa picha ya mtu mwenye kitu kama nyota kifuani, alama ya kemikali zinazoharibu mwili polepole. Akatabasamu.

“Hii naijua, mama. Ni dawa ya kifua.”

Devotha hakucheka. Alilipeleka jibu hilo kikaoni Dodoma kama lilivyo. Bwana Gulam, mwagizaji wa pembejeo wa Mbeya aliyewakilisha wafanyabiashara, akapinga.

“Mama, mzigo unatoka nje umeshabandikwa. Tukianza kubandika upya, msimu utapita wakulima hawana dawa.”

“Msimu utarudi mwakani, Bwana Gulam. Masumbuko akishakufa, naye atarudi?”

Lakini Devotha hakumwachia mwenzake mzigo huo peke yake. Walishinda pamoja ghalani kwa Bwana Gulam mpaka wakapata njia: kibandiko cha Kiswahili kinachoongezwa kabla dawa haijatoka ghalani, chenye neno HATARI au ONYO, madhara yake na huduma ya kwanza. Pendekezo lilipita. Bwana Gulam, ambaye yuko nasi hapa leo, alianza kubandika kabla hajalazimishwa na mtu.

Devotha alistaafu mwaka 2023, ila nyumbani hakustaafu. Hata achari yake ya pilipili aliichorea mwali wa moto, na wageni waliopuuza walijua wenyewe.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Mbeya na Dar es Salaam, akiwauliza madaktari jina na kazi ya kila dawa. Machi mwaka huu alimwomba Jofrey ampeleke Rujewa. Waliegesha gari mbele ya duka la pembejeo. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni akimsomea mumewe chupa ya kiuagugu, taratibu, neno kwa neno, mpaka pale panaposema anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Devotha alisikiliza hadi mwisho.

“Twende, mwanangu,” akasema. “Amesoma yote.”

Alifariki dunia tarehe 3 Mei 2025 nyumbani Uyole, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mwalimu Obeid.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka yake Didas, na ukoo mzima wa Kalinga na Mwasomola unaotembea kifua mbele kwa ajili yake.

Ee Bwana, mpe mtumishi wako pumziko lenye amani.