Usikate Simu: Miaka Ishirini na Minne ya Noreen Ackroyd

Bi. Noreen Ackroyd anastaafu tarehe 30 Septemba, siku ambayo bima za mawakili wengi humalizika, baada ya kuitumikia Idara ya Madai ya kampuni yetu ya bima ya mawakili, ofisi ya Halifax, Uingereza, kwa miaka ishirini na minne. Ameomba pasiwe na sherehe. Tumemkubalia, ila keki ya tangawizi ameioka mwenyewe, nasi tutaila.

Wakili akikosea na mteja akapoteza haki yake, sisi ndio tunaomlipa mteja. Kazi ya Noreen ilikuwa kupokea simu ya kwanza, ile ambayo mwanasheria mzima huongea kama mtoto aliyevunja dirisha. Aliyesema ana tatizo dogo alijibiwa, "Kipenzi, tatizo dogo ni lile ambalo faili lake hatujalifungua."

Ijumaa moja ya mwaka 2007 alipiga Clifford Sugden, wakili aliyefanya kazi peke yake kule Todmorden. Mteja wake, fundi wa kuezeka, alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa na kuvunjika uti wa mgongo. Sugden alipitisha kwa siku tisa muda wa kisheria wa kufungua kesi, na haki ya kudai ikapotea. Noreen alikuwa na mafaili kumi na moja mezani. Alimwambia amweleze mteja ukweli, kisha atuandikie.

"Nitaandika Jumatatu," alisema Sugden. Noreen akamshukuru, akaweka simu chini.

Sugden hakuandika. Kwa miezi kumi na minne alimdanganya mteja kwamba kesi inaendelea, hata akaghushi barua ya mahakama. Yalipofichuka, mteja tulimlipa. Lakini bima yetu hubeba kosa, haibebi uongo. Sugden alifutwa uwakili, na barua ya kumtaka arudishe tulicholipa ilitoka kwetu, ikiwa na sahihi ya Noreen. Nyumba ya Sugden ikauzwa. Majira ya baridi yaliyofuata, moyo wake ulisimama.

Noreen alichukua likizo, akaenda mazishini kwa basi, akaketi nyuma kabisa. Mjane, Enid, alimfuata mlangoni.

"Wewe ndiye uliyepokea simu yake?"

"Ndimi."

"Alirudi nyumbani siku ile akasema umemsikiliza vizuri. Akala, akalala. Nikadhani yamekwisha."

Haya hakutusimulia kwa miaka mingi. Tuliona tu kwamba amebadilika. Hakuna wakili aliyeruhusiwa tena kuaga kabla taarifa haijaandikwa. "Usikate, kipenzi. Nitajie jina la mteja. Naandika mimi, wewe sahihisha." Wakubwa walilalamika kwamba simu zake ni ndefu mno, na mara mbili alinyimwa cheo. Hakubishana nao. Wapo mawakili, kuanzia Hull hadi Keighley, ambao wangali na ofisi kwa sababu ya simu hizo, na wengi wao hata jina lake hawalikumbuki.

Mwezi uliopita nilimuuliza kama ameshajisamehe. Aliendelea kuosha kikombe.

"Hilo la kusamehe si langu, ni la Enid," akasema. Enid alifariki miaka sita iliyopita.

Noreen, asante. Nenda kwa dada yako Whitby, upate upepo wa bahari na usingizi wa kutosha. Mzigo ule hatuwezi kukutua. Tunakutakia siku njema, nyingi, zitakazoupunguzia uzito.