Joho Ukutani

Taksi ilisimama Nakawa, Kampala, ikisubiri abiria, na Farhana, mwenye duka la vitambaa, alisikia kila neno la kiti cha mbele. Nabintu, mshonaji kutoka Kongo, alikuwa anacheka peke yake. Tajudin, mzee wa kofia aliyeketi kando yake, akamwuliza kulikoni.

"Haji, leo wakili wa serikali anatia sahihi katiba ya chama chetu cha washonaji. Ni wakili wa nne! Watatu waliacha kazi kabla ya kufika ukurasa wa mwisho."

"Huyu naye ataondoka, nyabo," alisema mzee Tajudin, akimwita "bibi" kwa Kiganda. "Nilikuwa tarishi wa idara ya sheria miaka ishirini na sita. Meza saba, mawakili wawili. Wakiitwa na benki kwa mshahara mnono, hata chai hawamalizi. Joho lake la uwakili huliweka wapi? Wa kuondoka huliacha garini."

"Limetundikwa ukutani! Msumari aliupigilia mwenyewe, kwa kisigino cha kiatu."

Farhana alimhurumia mzee kidogo. Ujuzi wa miaka ishirini na sita si kitu cha kuangushwa na kiatu.

"Labda ni msumari mdogo," alisema mzee.

"Wa inchi nne, Haji!"

Walibishana hadi mjini, wakicheka. Taksi iliposimama, Nabintu aliruka chini na faili lake. Tajudin, aliyekuwa anakwenda Kasubi kwa mjukuu wake, akashuka na kumfuata.

"Ningoje, nyabo!" aliita, akishika kofia. "Inchi nne kwa kiatu? Huo lazima niuone."