Marehemu Nadine Ketterman, Mwokota Mishale wa Kijito cha Plum

Marehemu Nadine Orpha Ketterman alizaliwa tarehe 11 Machi, 1941, katika nyumba ya wazazi wake kando ya kijito cha Plum, kusini mwa Ohio, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Virgil na Bibi Opal Stroud. Alifuatiwa na mdogo wake Arlene, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Baba yao alilima mahindi na soya, na kila alipogeuza udongo, Nadine alimfuata nyuma peku. Akiwa na miaka sita aliokota ncha ya mshale wa jiwe, nyeusi, kali kama wembe. Tangu siku hiyo hakutembea tena akiangalia mbele, na ndiyo maana alijigonga kwenye kila mlango wa banda letu.

Alisoma shule ya msingi ya Plum, iliyokuwa na chumba kimoja, kisha sekondari ya Dutton, alikohitimu Mei 1959. Akiwa darasa la tatu alipeleka jiwe lake shuleni. Mwalimu akaligeuza mkononi, akasema limevunjwa na jembe tu.

"Basi mwalimu, chukua jembe uvunje jingine kama hili," Nadine alimjibu, akasimamishwa pembeni hadi saa ya chakula. Mwaka uliofuata mwalimu huyohuyo alikuja kwetu Jumamosi moja, ndoo mkononi, akiomba kutafuta kidogo.

Kuanzia Septemba 1964 hadi Juni 1995 alikuwa dereva wa basi la shule, miaka thelathini na moja bila ajali hata moja. Wengi mliopo hapa mlipanda basi lake, na mnakumbuka kwamba asubuhi za baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa umeoshwa na mawe yakiwa wazi, lilisimama kando ya shamba lake mwenyewe. "Hakuna kushuka, hakuna kupigana. Nimeona kitu kinang'aa," alisema, akaruka mtaro. Mzazi mmoja alilalamika, na msimamizi akamwita. "Natoka nyumbani dakika kumi mapema," Nadine alijieleza. "Hizo dakika ni zangu, si za shule."

Ndoa yake nayo ilitoka shambani. Aprili 1961 alimkuta kijana ameinama katikati ya shamba la baba.

"Wewe, unatafuta nini kwetu?"

"Ndama wetu kapotea."

"Ndama gani anajificha chini ya bonge la udongo? Hebu fungua hicho kiganja."

Kiganjani mlikuwa na ncha ya mshale ya gumegume, lile jiwe gumu la kijivu, nzima, haina hata pengo. Nadine akaichukua, akamwonyesha kijana njia ya kutokea. Jumamosi iliyofuata Dale Ketterman alirudi kuidai, na iliyofuata pia. Jumamosi ya sita, mama akiwa ameshaanza kumwekea sahani mezani, Nadine alimwambia, "Jiwe halitoki kwenye shamba hili. Ukilitaka sana, hamia." Walifunga ndoa tarehe 9 Juni, 1962, katika kanisa la Methodisti la Dutton, wakajaliwa watoto wawili, Connie na Roy. Baba alipozeeka, Nadine na Dale ndio waliolishika shamba.

Lakini haitoshi kusema kwamba dada alipenda mawe. Wiki ya mwisho ya Aprili 1987, Dale alipeleka trekta kwenye mwinuko wa karibu na kijito, mahali ambapo baba hakuwahi kulima. Nadine alikuwa nyuma yake. Aliokota shanga za magamba ya konokono, kisha akaona mfupa mdogo, wa mtoto. Akakimbia, akasimama mbele ya trekta.

"Ondoka, Nadine, mvua inakuja!"

"Kuna mtoto wa watu amelala hapa."

"Amelala miaka na miaka. Mahindi yangu yanataka kupandwa leo."

"Basi nipitie mimi kwanza."

Dale akazima injini, akarudi nyumbani kwa miguu. Kwa siku kumi na moja hakusema na mkewe; akitaka chumvi alimwomba mbwa. Katikati ya siku hizo, mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale alisikia habari, akaja na sululu garini, akitaka kuufukua mwinuko wote. Nadine alimngoja getini. Dale akatoka bandani, akasimama kando yake, bado bila neno, mpaka gari lile likageuza. Siku ya kumi na mbili Nadine alimkuta kwenye mwinuko, akichimbia nguzo za uzio.

"Nishikie hii," Dale alisema. "Peke yangu inapinda."

Ekari mbili zile hazikulimwa tena.

Nadine aliandika barua nyingi hadi moja ikawafikia Washawnee wa Oklahoma, wenyeji wa asili ambao mababu zao walifukuzwa Ohio zamani. Septemba hiyo Bibi Leona Tyner alikuja na ndugu zake wawili, wakamrudishia mtoto yule shanga zake na udongo wake, kwa taratibu zao. Nadine na Dale walisimama mbali, kofia mikononi. Baadaye Nadine alimwekea Bibi Leona mezani maboksi kumi na manne ya viatu, yamejaa mawe ya maisha yake yote. "Ukitaka kuyachukua yote, ni yenu." Bibi Leona alipekua polepole, akatenga tisa, akayafunga kwenye leso. Kisha akainua jingine juu.

"Na hili, dada yangu, ni kokoto."

Walibishana juu ya jiwe hilo kwa miaka ishirini na mbili, kila Bibi Leona alipokuja kuwatembelea, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Dale alitangulia mwaka 2014. Moyo wa Nadine ulianza kudhoofu Oktoba 2022, na daktari akamkataza kutembea shambani. Kupanda kigari cha shambani hakukatazwa. Aprili mwaka huu mimi, Arlene, nilimwendesha kando ya matuta, naye akielekeza kwa fimbo.

"Simama! Kushoto. Kushoto, Arlene, ule mkono usioandikia!"

"Dada, hilo ni jani."

"Shuka ulione hilo jani."

Ilikuwa ncha ya mshale, nusu yake, nyeupe kama jino. Dada alicheka hadi kigari kikatikisika.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Ijumaa, tarehe 3 Mei, 2024, dirisha likiwa wazi. Connie alikuwa akimsomea utabiri wa hali ya hewa, akafika mahali paliposema mvua kubwa kuanzia Jumapili. "Vizuri," alisema Nadine. Hakusema neno jingine.

Ameacha mdogo mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Hazel, na mbwa ambaye hasikii la mtu mwingine. Baada ya mazishi kuna tambi na kuku katika ukumbi wa kanisa. Kisha, kwa wenye viatu vya kufaa, Roy ameligeuza shamba la chini, na mvua imelisafisha. Mkiokota kitu, mwonyesheni Connie kabla ya kukitia mfukoni.

Mungu ampe dada yetu pumziko lenye amani.