Kisiwa Alichokiondoa Bi Evanthia

Baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na minne, Bi Evanthia Kaloudi wa Idara ya Safari na Bei anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Mkurugenzi wetu, Bwana Aristidis Melas, alimwomba avumilie mpaka Oktoba, msimu wa watalii uishe. Alikataa. Tuliomzoea tulishangaa, maana hatukumbuki kama amewahi kukataa kitu kingine katika jengo hili, na hata kahawa ya ile mashine ya ngazini alikuwa akiinywa bila kulalamika.

Alianza kazi hapa Pireo kwenye dirisha la tiketi, jua la gati likimchoma usoni, akapanda cheo pole pole mpaka akakabidhiwa meza ambayo wengi huikimbia. Mwenye meza hiyo ndiye anayeamua meli ya kitalii isimame visiwa vipi, ikae kwa muda gani, na chumba kiuzwe kwa bei gani. Abiria akifurahi humsifu nahodha. Akichukia, anamtafuta Bi Evanthia.

Nimeketi meza ya pili kutoka kwake muda mrefu, na nakiri kwamba si jirani rahisi. Hula mikate yake ya ufuta juu ya karatasi za watu. Hupenda dirisha wazi hata Januari. Lakini siku ya mtakatifu wa jina lake huleta vitamutamu vya kutosha orofa tatu, kisha husimama mlangoni kuhakikisha hata wahasibu wamekula, na wahasibu wetu mnawajua, mkono wa birika.

Machi 2020 korona ilipoingia, meli zetu zote zilifungwa gatini, naye akabaki na simu. Aliyetaka kurudishiwa pesa alimtukana. Aliyepewa safari ya mwaka unaofuata badala ya pesa alimtukana zaidi. Tulipofungua tena, kisiwa kilichoruhusu wageni asubuhi kilifunga jioni. Aliandika ratiba, akaifuta, akaandika nyingine, na mtu aliyelipia kisiwa cha Mikonosi alijikuta bandari ya Volosi akitazama maghala. Mabaharia walimbandika jina la Bi Labda, na yeye ndiye aliyelicheka kuliko wote. Bei nazo alizishusha mpaka watu ambao hawakuwahi kuota safari ya kitalii, wauza samaki na mafundi wa karakana za meli za Perama, wakaanza kupanda na masanduku ya kuazima. Meli zikajaa. Mishahara ikalipwa, ukiwemo huu wangu.

Ofisi ya mkurugenzi iliniagiza niandike hapa kwamba Bi Evanthia aliokoa msimu wa 2021. Nilimsomea sentensi hiyo. Aliweka mkate wake chini akaniambia, "Ukiandika hilo, andika na la Lipsi. Usipoandika la Lipsi, usiandike kitu." Kwa hiyo naandika la Lipsi, na atakayekereka anajua meza yangu ilipo.

Safari ya mwisho wa Agosti mwaka ule ilipangwa kusimama Lipsi siku ya sikukuu ya Bikira. Ni kisiwa kidogo, hakina maduka ya kutupa kamisheni, na kushusha watu pale kulitaka wapimwe korona upya kwa gharama yetu. Bei ilikwisha kutangazwa. Ili isipande, ilibidi kituo kimoja kife, na Bi Evanthia akakiondoa Lipsi. Abiria walitangaziwa wakiwa tayari baharini, wakapewa kuponi ya kahawa. Mgeni kutoka mbali angeweza kukosea hivyo. Yeye, ambaye mama yake mzazi alipanda ngazi za kanisa kwa magoti, alijua wazi kwamba siku zile za Agosti nusu ya watu wetu wamepanda meli kwa sababu ya nadhiri, na utalii ni kisingizio tu.

Mmoja wao alikuwa Mzee Pantelis Zervos, fundi wa mabwela, yale matangi ya mvuke ya meli, huko Perama. Aliwahi kuanguka kazini akaambiwa mguu utakatwa. Alimwekea Bikira wa Lipsi nadhiri, mguu ukapona, na kwa miaka mingi hakuwa na nauli ya kumfikisha yeye na mkewe huko mpaka bei zetu ziliposhuka. Oktoba korona ikamchukua.

Novemba mjane wake, Bi Anthoula, alikuja ofisini kwa nguo nyeusi, akauliza kwa adabu ni nani aliyekiondoa kisiwa. Bwana Melas alimpa pole na kumweleza kwamba ilikuwa ni korona, si mtu. Hapo Bi Evanthia alisimama.

"Si korona, mama. Ni mimi. Kusimama pale kungepandisha bei, nikakiondoa."

Bi Anthoula alimgeukia. "Pantelis alikiona kwa macho yake," alisema. "Kilipita karibu hivi. Akaniuliza, Anthoula, sasa nifanyeje, niurushe baharini?" Akatoa mkobani mguu mdogo wa fedha, urefu wa kidole, ule wa kutundikwa mbele ya picha ya Bikira. "Mimi meli sipandi tena. Utaupeleka wewe, binti. Siku ya sikukuu yenyewe, si siku utakayopata nafasi."

Aliupokea. Na Idara ya Safari na Bei haina likizo Agosti, sheria iliyokuwapo hata kabla ya mkurugenzi. Aliomba ruhusa mwaka uliofuata, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Mwaka jana alikubaliwa, kisha msaidizi wake akaugua, ruhusa ikafutwa. Angeweza kuacha kazi, lakini pensheni ilikuwa haijatimia na mama yake yuko kitandani. Kila Pasaka alikwenda Perama na mayai mekundu kumsalimu Bi Anthoula. Kila Pasaka aliulizwa, naye alijibu kwamba ni mwaka huu.

Kwaresima iliyopita Bi Anthoula alifariki. Hakuwahi kumkaripia, na hilo ndilo linalomla Bi Evanthia mpaka leo. Alirudi kutoka mazikoni akaandika barua ya kustaafu kabla hajavua koti. Ahadi ni deni, nasi tulimzuia kulilipa mpaka mwenye kudai akaingia kaburini. Inanihuzunisha kuandika hivyo katika karatasi ya sherehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kampuni imemzawadia wiki nzima katika chumba bora cha meli yetu. Ameshukuru, akairudisha, kwa kuwa ratiba yetu bado haisimami Lipsi. Atapanda feri ya kawaida pamoja na watu na mbuzi wao.

Meli yetu itapita mbele ya kisiwa hicho siku hiyo hiyo ya sikukuu. Nimemwomba nahodha apige honi ndefu. Amejibu kwamba honi hatujaipangia bei bado.

Bi Evanthia, asante kwa miaka yote hii. Ukiisikia honi ukiwa kanisani, ni sisi. Tundika mguu wa Mzee Pantelis, kisha uketi, upumzike, usituwazie. Tunakuombea Agosti nyingi zilizo zako mwenyewe.