Mlingoti wa Tatu

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, huyu tunayemzika leo mlimwita Nahodha wa Mezani, na wengine wenu hamkuwahi kujua jina lake lingine. Hakuwahi kuendesha chombo chochote cha majini. Hata daraja la mto alilivuka amefumba macho, kashika mkono wa mtu. Lakini meli za mbao alizozitengeneza zimo katika sebule za watu, zimo kwa kinyozi wa kona, na moja iko kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, ambako wagonjwa wanasema inawasahaulisha kidogo yanayowangoja mlangoni. Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, mdogo wa kiume wa marehemu mkewe. Shemeji huyo alimtania miaka yote, na leo ni mara ya kwanza hatajibiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa. Mama yake alipenda kusimulia kwamba watoto wengine walilia treni ilipopita, ila huyu alikuwa akitulia tuli, kisha analia treni ikishapita. Alikuwa mtu wa kutamani kilichoondoka tangu hajajua kutembea.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Tusimpambe: darasani alikuwa wa kawaida, na utundu wake ulikuwa wa kupitiliza. Lakini utundu huo ulikuwa na sababu. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na kalenda yenye picha ya meli ya matanga, milingoti mitatu, kamba tele, na aliyeitwa kuadhibiwa alisimamishwa mbele ya ukuta ule akisubiri zamu yake. Mwalimu mkuu aliona kijana haishi kuletwa, akamuuliza, "Wewe unakuja kuadhibiwa au kutazama ukuta?" Akajibu, "Vyote, mwalimu." Mwaka ulipokwisha mwalimu akaichana picha ile akampa, kwa sharti kwamba asimwone tena ofisini. Meli ya kwanza aliichonga kwa kisu cha jikoni kutoka kwenye sanduku la sabuni, na ilizama kwenye beseni. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha useremala mwishoni mwa mwaka 1968.

Januari 1969 aliajiriwa katika karakana ya milango na madirisha iliyokuwa imepakana na bohari la saruji, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2006 akiwa msimamizi wa mafundi. Milango yake haikuwahi kulalamika kwenye bawaba. Vipande vilivyobaki, ambavyo wenzake walivichoma, yeye alivibeba nyumbani mfukoni, akavigeuza mataruma, zile mbavu za meli, na sitaha. Na katika kuchagua vifaa alikuwa na kero yake. Hakununua patasi kwa kuitazama. Aliilaza kiganjani, akafumba macho, akasikiliza uzito wake umeelemea wapi, kisha akainyolea vinyweleo vya mkono wa kushoto. Ndiyo maana mkono ule ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, na watu wakadhani ni ugonjwa. Randa aliijaribu pale pale dukani kwa kipande cha mbao alichokuja nacho. Mwenye duka la vifaa, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa akimwona kwa mbali anamwambia msaidizi wake, "Weka maji ya chai, leo hatufungi mapema."

Mwaka 1974 alihitaji kitambaa cha matanga, na mtu akamwelekeza kwa fundi cherehani mmoja mwenye kibanda mkabala na posta. Fundi huyo alikuwa dada yetu. Marehemu aliingia na matanga aliyokwisha kuyakata mwenyewe, akaomba ashonewe pindo tu. Shemeji mtu alikuwa amekaa pembeni akipiga pasi, na mazungumzo yale aliyasikia yote.

"Umeyakata vibaya," dada akasema.

"Mimi ndiye ninayejua meli."

"Na mimi ndiye ninayejua nguo. Hii umeikata mshazari. Ikipata upepo itavutika kama mdomo wa mtu aliyenuna."

"Meli yenyewe ya mezani, dada. Upepo utatoka wapi?"

"Kama unajua hakuna upepo, tanga la nini?"

Marehemu alikunja matanga yake akatoka. Kesho yake alirudi na kitambaa kingine, na keshokutwa akarudi bila kitambaa chochote. Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na kitinda mimba wa kike.

Tangu hapo meli zikawa za watu wawili. Marehemu alikuwa na vidole vinene. Mbao zilimtii lakini uzi ulimkimbia. Kwa hiyo yeye alijenga chombo kuanzia mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, hadi vilele vya milingoti, na dada akafunga kamba, kwa uzi aliokuwa ameupaka nta, fundo kwa fundo, madogo hadi yanahitaji mwanga wa dirishani. Walifanya kazi kwenye chumba cha nyuma, meza moja, wakikaa uso kwa uso, na walibishana. Walibishana kamba ipite mbele au nyuma, fundo likazwe au lipumue. Mgeni aliyepita uani alidhani nyumba inavunjika. Mara nyingine dada alikasirika akaweka sindano chini na kwenda zake jikoni, lakini hakufika mbali. Hakuwa na uwezo wa kuacha kazi nusu. Angeshika sufuria mara moja, kisha angerudi akifuta mikono, akisema, "Sogea huko, unanizibia mwanga."

Mwaka 2014 walianza meli kubwa kuliko zote, ya milingoti mitatu. Dada alimaliza kamba za mlingoti wa kwanza, akamaliza za mlingoti wa pili. Alifariki tarehe 9 Februari 2015, baada ya kuugua kwa siku chache tu, mlingoti wa tatu ukiwa mtupu.

Baada ya msiba ule marehemu alianza kununua vibano. Tunasema vile vya kushikia vitu vidogo, kama vya sonara. Alinunua vyenye ncha nyoofu, vyenye ncha iliyopinda, vya chuma cheusi, vya shaba, vyenye mpini mrefu kama mguu wa korongo. Kila kimoja alikilaza kiganjani, akafumba macho, akakichukua, na baada ya muda akarudi kutafuta kingine. Sote tulielewa, au tulidhani tumeelewa: mzee anatafuta vidole vya mkewe dukani. Mwenye duka ndiye aliyejaribu kumuuliza.

"Mzee wangu, kile cha juzi kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro."

"Kinashika?"

"Kinashika hata unywele."

"Sasa unatafuta nini tena?"

Marehemu akasema, "Hakibishani."

Mwaka 2019 binti yake, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa kazi karibu na hapa, akarudi kuishi na baba. Jumamosi moja mchana alimpelekea chai chumba cha nyuma na kukuta mlango uko wazi. Alimwona baba yake ameinama juu ya mlingoti wa tatu. Kamba zilikuwa zimefungwa upande mzima, safi, zimenyooka, na kibano kilikuwa kinakamilisha fundo la mwisho. Binti alitaka kupiga vigelegele. Kabla hajafungua kinywa, mzee aliegemea nyuma, akaitazama kazi yake kwa muda, akachukua mkasi mdogo, akazikata zote. Kisha akaanza kupaka nta uzi mpya.

Binti alirudisha chai jikoni na kwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, huyu huyu anayewasomea.

"Mjomba, baba anakata kamba."

"Kamba gani?"

"Za meli. Anaweza kuzifunga, mjomba! Anazifunga vizuri sana. Halafu anazikata."

Mjomba mtu, mwenye mdomo kama mnavyomjua, siku hiyo hakutania. Alimwambia tu, "Muache. Usimwambie kwamba umeona." Na kweli hakuambiwa. Nyumba nzima ilijifanya haijui, na kila alipoleta kibano kipya tulikisifia.

Agosti 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi mbili tatu. Daktari aliona moyo umetanuka. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi wa Januari, na safari hii daktari alizungumza na familia mlango ukiwa umefungwa. Marehemu hakuuliza walichoambiwa. Machi, akiwa amekaa na mto mgongoni, alimwita binti yake chumba cha nyuma na kumwonyesha kiti cha upande wa pili, kile ambacho hakikuwahi kukaliwa tangu mwaka 2015.

"Kaa hapo. Tufunge."

Binti alikaa, akashika uzi kwa vidole vyake vyembamba. Walikwenda polepole, siku ambazo pumzi iliruhusu. Siku moja mzee alisema, "Hiyo ipitishe nyuma," na binti, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumjibu baba yake, akasema, "Hapana, baba. Ikipita nyuma itasugua mlingoti."

"Mimi ndiye ninayejua meli."

"Ndiyo, baba. Lakini inapita mbele."

Mzee alicheka hadi kikohozi kikamshika, ikabidi apewe maji. Kamba ile ilipita mbele. Wajuzi wanasema si mahali pake, na hapo ndipo itakapobaki.

Fundo la mwisho lilifungwa tarehe 22 Aprili 2023. Shemeji alikuwepo, na binti akapiga vile vigelegele alivyokuwa amevimeza miaka ile. Marehemu hakupiga makofi. Alishika ukingo wa meza, machozi yakimtiririka waziwazi, akasema maneno ambayo familia imeomba yasomwe hapa kama yalivyo: "Mama yako hakuwahi kuacha kazi nusu. Nikasema, maadamu imebaki nusu, atarudi aimalize. Nilimwekea. Kila ilipotaka kwisha niliirudisha nyuma."

Binti akamuuliza, "Sasa kwa nini tumemaliza, baba?"

"Nimeona haji. Ni mimi wa kumfuata. Na nikifika huko kazi iko nusu, nitamwambia nini?"

Marehemu alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, watoto wake wote wakiwa kando ya kitanda. Tunawashukuru madaktari, wauguzi na majirani waliomwinua na kumlaza bila kuchoka, na mwenye duka la vifaa, ambaye mwaka ule wa mwisho alikuwa akija nyumbani na mkoba wake wa vibano ili mzee achague akiwa kitandani.

Ameacha dada mmoja na kaka mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu sita, na shemeji mmoja ambaye hajui sasa ataamkia kumtania nani. Wa kwake wa ubavuni alitangulia. Meli iko sebuleni, na baada ya maziko mnakaribishwa kuitazama.

Apumzike kwa amani shemeji yetu. Akimkuta dada, amwambie kazi imekwisha.